Mota Izunguke Upande Gani

Karakana niliyofanyia kazi Thika miaka ile ya Imajensi, Wazungu walipotangaza hali ya hatari, ilikuwa na injini moja tu, ya mafuta, iliyofungwa kwenye saruji nyuma ya jengo, na mashine zote ziliitegemea hiyo moja. Injini ilizungusha shafti ndefu iliyopita juu ya vichwa vyetu kutoka ukuta hadi ukuta, na kutoka kwenye shafti hiyo mikanda ya ngozi ilishuka, kila mmoja kwa mashine yake: ya kutoboa, ya kunolea, msumeno wa chuma, na ile mashine kubwa ya kukereza ambayo ilikuwa yangu. Injini ikikohoa, sote tulisimama. Mkanda wa mtu mmoja ukikatika, injini ilizimwa na sote tulisimama tena, tukimtazama mwenye mkanda kana kwamba ameukata kwa meno.

Tulizoea kuishi tukitazama juu. Ukitaka kujua kama mashine yako iko tayari kukata chuma, hukuitazama mashine, uliitazama shafti. Mwendo wake ulikuwa mwendo wetu. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililokuja kutuchekesha baadaye, na mimi kunifaa.

Kazi yangu ilikuwa kukereza ngoma za mashine za mkonge. Ngoma hiyo ni pipa la chuma lenye mabamba yaliyopangwa kuizunguka, nayo ndiyo inayopiga jani la mkonge mpaka libaki nyuzi tupu. Mashamba yote ya upande wa Thika yalituletea ngoma zilizolika. Ni chuma kizito, na kinakatwa polepole. Ukiharakisha unavunja kisu, na pengine kidole.

Mwenye karakana alikuwa Kalasinga mzee, mwenye ndevu nyeupe zilizoingia manjano ya mafuta ya mashine, hasira zake karibu kama zangu. Ndiye aliyenifundisha kazi, kwa matusi mengi. Karakana yake ndiyo iliyoandikwa kwenye pasi yangu, na pasi yangu ilisema Thika. Haikusema Ruiru.

Watu wa leo hawaelewi neno hilo, pasi, kwa hiyo nitaeleza mara moja nisirudie. Sisi Wakikuyu hatukuruhusiwa kutoka mahali tulipoandikiwa bila karatasi ya kusema tunakwenda wapi na tunarudi lini. Kutoka Thika mpaka Ruiru ni mwendo ambao zamani mtu aliutembea asubuhi huku akitafuna muwa, na akifika bado ana muwa. Sasa ulikuwa mbali kuliko Mombasa. Wenye kukamatwa njiani bila karatasi walipakiwa kwenye malori, na wengine hatukuwaona tena mpaka mambo yalipokwisha, na wengine hata yalipokwisha.

Baba yangu alikuwa mmoja wa waliopakiwa. Walimchukua Ruiru siku ya msako, kofia yake ikabaki imening'inia kwenye msumari. Tulisikia yuko kambi hii, kisha kambi ile, kisha hatukusikia kitu. Nyumba yetu ilibomolewa pamoja na za majirani, na mama yangu na mke wangu wakahamishiwa kijiji kipya karibu na mashamba ya kahawa, kijiji kilichozungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa, na geti moja, na hom gadi, mlinzi wa serikali, kwenye geti. Mke wangu alikuwa na mimba. Mtoto wa kwanza.

Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza anachukua jina la baba wa baba yake. Hakuna kujadiliana. Wakati ule, na baba hajulikani kama yuko hai, jambo hilo lilikuwa limenikaa kifuani hata nikawa silali vizuri. Nilijiambia kwamba akizaliwa mvulana, mzee atakuwa amerudi nyumbani kwa njia moja, hata wakimzuia kwa nyingine. Akizaliwa msichana atakuwa mama yangu, na mama tayari tulikuwa naye. Simlaumu msichana yeyote. Nasema nilivyohisi.

Na mimi nilikuwa nimefungiwa Thika, chumba cha pamoja huko Majengo, king'ora jioni cha kutufungia ndani, king'ora asubuhi cha kututoa, na katikati yake chuma.

Halafu injini ikapasuka. Ufa ulipita ubavuni mwake, ukitoa mafuta kama jasho, na Kalasinga akaukagua akiwa amechuchumaa, akaufuata kwa kidole mwanzo hadi mwisho. Umeme ulikuwa umeshafika mtaa wetu. Akaamua kila mashine ipate mota yake mwenyewe, na ianze mashine kubwa, kwa sababu ngoma za mkonge zilikuwa zimeanza kupangana mlangoni.

"Injini ilikuwa nguvu ya farasi ishirini," akaniambia. "Sisi nanunua mota farasi ishirini. Kwisha maneno."

"Bwana, injini ile ilikuwa inabeba mashine zote," nikasema. "Hii ni moja. Huwezi kumpikia mtu mmoja sufuria ya matanga."

Akanitazama. Nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza. Nikamwambia nguvu si shida, shida ni mwendo. Mota ya umeme inazunguka mbio kama kichaa, na ngoma ya mkonge inataka kuzungushwa polepole na kwa nguvu nyingi. Kwa hiyo inatakiwa mota yenye sanduku la gia mbele yake, la kupunguza mbio na kuzigeuza kuwa nguvu. Na gia hizo ziko za namna nyingi. Ukikosea umenunua jiwe.

"Wewe umeona wapi?"

Nilikuwa sijaona popote. Nilikuwa nimemsikia dereva wetu wa lori, Mkamba mmoja mpole, akisema kwamba shamba fulani la kahawa huko Ruiru wamefunga mashine yao ya kukereza kwa mota ya namna hiyo. Nilitaja shamba hilo. Lilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka kijiji walichomo watu wangu. Nilitaja, kisha nikajifanya napangusa mikono.

Siku ya pili yake nilikuwa na karatasi ya kwenda Ruiru na kurudi kabla ya king'ora.

Mtu asiniambie kwamba nilimdanganya mzee yule. Mota ilihitaji kutazamwa kweli, na niliitazama. Ilikuwa kwenye karakana ndogo ya shamba, mlango wake ukiwa wazi kuelekea kwenye mistari ya kahawa. Fundi wa pale alinikaribisha, akanionyesha bamba lililopigiliwa ubavuni mwa mota. Upande mmoja mbio za kuingia, upande mwingine mbio za kutoka, na kati yao gia zimeshusha mwendo mpaka ungeweza kuufuata kwa macho. Nikazinakili tarakimu zile. Akanionyesha pia nyaya zilizoingia kwenye kisanduku, akasema ukitaka igeuke upande mwingine, badilisha waya mbili mahali pake, ndiyo kazi yote. Nikamshukuru, nikatoka nje kupunga hewa.

Wanawake wa kijijini walikuwa wanachuma kahawa chini ya msimamizi. Nilimjua mke wangu kwa mgongo, alivyoupindisha nyuma kubeba tumbo. Nikasimama kama mtu anayeangalia mawingu. Alinisogelea akichuma, mti hadi mti, mpaka tukabaki na mstari mmoja kati yetu.

"Umetoroka?" akauliza bila kuinua uso.

"Nimekuja kutazama mota."

Akachuma kidogo. Mikono yake ilikuwa imekatika-katika kwa kazi ya kuchimba handaki, na bado walikuwa wanamchimbisha, na tumbo lile. Niliona, nikataka kumpiga mtu, na hapakuwa na mtu wa kumpiga ila msimamizi mwenye bunduki nyuma yake.

"Ni mota kubwa?" akauliza.

"Si kubwa sana. Lakini ina mambo mengi."

"Basi itazame polepole," akasema. "Usije ukaharibu kazi ya watu kwa haraka."

Nikacheka, naye akacheka, na msimamizi akageuza kichwa. Nilirudi ndani kuitazama mota.

Kuanzia siku ile nilikuwa mwanafunzi mwema kuliko wote waliowahi kusoma habari za gia. Kila swali lilikuwa la haki, nakuapia, na kila swali lilikuwa Ruiru. Nilimwambia Kalasinga: mashine ya shamba inakereza vyuma vyembamba vya kumenyea kahawa, lakini ngoma zetu zina mabamba, na kisu kikikutana na bamba kinagonga, kinaachia, kinagonga tena. Gia zinapigwa kofi mchana kutwa. Tunahitaji ukubwa wa ziada, lakini kiasi gani? Lazima mtu aende akakereze chuma chenye mapengo kwenye ile ya Ruiru, asikilize inavyolalamika. Na joto. Lazima mtu aweke kiganja juu ya sanduku la gia baada ya kazi ya asubuhi nzima, aone kama anaweza kukiacha hapo.

"Fundi," Kalasinga akasema, "wewe nataka mota, ao nataka kuoa mota?"

Mafundi wakaangua kicheko. Lakini aliandika karatasi, kwa sababu kukata mara moja kunataka kupima mara nyingi, na hilo alinifundisha yeye mwenyewe.

Safari ile nilimpata mke wangu kwenye mstari uleule. Alikuwa amechoka, hakutania. Aliniambia siku zimekaribia na kwamba mama anamkanda kiuno kila jioni. Nikamwambia, kwa ujinga, ajitahidi awe mvulana. Akanitazama kama alivyokuwa akimtazama mbuzi anayekula nguo kwenye kamba.

"Wewe chagua mota," akasema. "Hili niachie mimi."

Safari iliyofuata ilitokana na swali gumu kuliko yote, na ndilo lililoamua ununuzi. Gia za kupunguza mwendo zilikuwa za aina mbili kwenye kitabu cha wauzaji. Aina moja ina magurudumu ya meno, kubwa na dogo, yanayopokezana. Nyingine ina chuma kilichochongwa kama skrubu kinachosukuma gurudumu moja. Hiyo ya skrubu ni ndogo, kimya, na bei yake ilimpendeza Kalasinga. Lakini nilikuwa nimesikia ina tabia moja: mota inaweza kulizungusha gurudumu, gurudumu haliwezi kuizungusha mota. Njia ni ya upande mmoja tu. Nasi, kabla ya kukata ngoma, tulikuwa na desturi ya kuizungusha kwa mikono taratibu, watu wawili wakiisukuma, tukiangalia kama imekaa sawa. Kwa gia ya skrubu ungesukuma mpaka jua lizame. Mashine ya kusaga ya shamba lile ilikuwa na gia ya namna hiyo. Nikaomba nikaijaribu kwa mikono yangu.

Niliijaribu. Nililiegemea gurudumu lile kwa uzito wangu wote, na halikujali. Nilisimama pale nimelishika, nikalichukia. Nilijua hali hiyo. Ilikuwa ni geti la kijiji, ilikuwa ni pasi yangu, ilikuwa ni maisha yetu yote wakati ule, wanakusukuma wakitaka, na wewe ukisukuma hakuna kinachotikisika. Nikaandika: gia ya meno, si ya skrubu.

Nilipotoka nje, mke wangu hakuwa kwenye kahawa. Mwanamke mmoja aliyenijua alipita na kikapu, akasema chini ya pumzi, "Yuko ndani tangu asubuhi. Mama yako yuko naye."

Nilimwomba dereva apitie njia ya kijiji. Alisita, kisha akapitia, akasimamisha lori mbele ya geti na kufungua boneti kana kwamba maji yamechemka. Mtu mwema. Nikamwendea hom gadi aliyekuwa getini. Tulitahiriwa mwaka mmoja, yeye na mimi, mto mmoja, baridi moja. Nikampa karatasi.

"Hii inasema shamba," akasema.

"Mke wangu anajifungua humo ndani."

"Hii inasema shamba."

"Nitasimama hapo ndani ya geti tu. Hata mlangoni sitafika."

Akanirudishia karatasi. Hakunitazama machoni, na nikaona anamwogopa mtu aliye nyuma yake kuliko nilivyomwogopa yeye. Hilo halikunisaidia kitu. Nikarudi nikasimama kando ya lori, handaki mbele yangu, na ng'ambo yake paa za nyasi zote zinafanana, nisijue hata ipi ni yetu.

Ndipo zilipoanza ngemi. Ni vigelegele vya kumkaribisha mtoto, navyo kwetu vina hesabu: mtoto wa kike tatu, wa kiume tano. Mwanamke aliye shambani anasikiliza, anahesabu, na anajua cha kupeleka. Niliitambua sauti ya mama yangu kwenye ya kwanza, imekwaruza, sauti ya mtu ambaye hajaitumia kwa furaha siku nyingi. Moja. Wanawake wengine wakaipokea. Mbili. Tatu.

Na hapo filimbi ikalia. Hom gadi wengine wawili walikimbia kuelekea nyumba ilikotoka sauti, wakipuliza filimbi, maana wakati ule kelele za wanawake zilihesabiwa kuwa ishara kwa wapiganaji wa msituni. Kukawa kimya. Nilingoja. Nilishika ubavu wa lori mpaka dereva akaniambia niuachie kwa kuwa una moto.

Hapakuja nyingine.

Zilikuwa tatu kwa sababu ni tatu, au zilikuwa tatu kwa sababu ya filimbi? Niliuliza swali hilo njia nzima mpaka Thika, na mimi ndiye mtu aliyekuwa na maswali mengi kuliko wote wilayani.

Kalasinga alinikuta nimekaa juu ya ngoma ya mkonge. "Haya. Sasa nauliza nini?" akasema. Nikafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza sikuwa na swali. Nikampa majibu yote: gia ya meno, mwendo wa kutoka kiasi hiki, ukubwa mmoja juu ya ule wa Ruiru kwa sababu ya kugonga, ya kusimama kwa miguu na si ya kuning'inia ubavuni, mafuta yasije yakavuja. Akaagiza Nairobi alasiri ileile. Nilimsikia akitaja kila nilichosema, neno kwa neno, na kila neno lilikuwa msumari kwenye mlango wa Ruiru. Nilikuwa nimejifungia mwenyewe, kwa kazi safi kabisa.

Majuma yakapita. Lori lilikwenda Ruiru mara moja bila mimi, nikamsihi dereva aulize. Alirudi akitabasamu.

"Wako salama wote. Mama na mtoto."

"Mtoto gani?"

"Mtoto," akasema. "Mzima. Analia sana."

"Wa kiume au wa kike?"

Akafikiri. "Sikuuliza. Mtoto ni mtoto."

Nimewasamehe watu wengi wa miaka ile, hata yule wa getini, lakini dereva yule bado namsamehe kidogo kidogo. Na kabla hajarudi tena, kijiji kikafungwa kwa adhabu, hakuna kutoka wala kuingia, hata kahawa ikaiva ikaanguka. Usiku nilizihesabu ngemi zile. Wakati mwingine zilikuwa tatu, zimetimia, na sauti ya mama imeshuka mwishoni kama ya mtu aliyemaliza. Wakati mwingine ilikuwa imepanda, bado inakwenda.

Mota ilipofika, karakana nzima ilikuja kuitazama. Ilikuwa ya kijani, nzuri, na imekaa kwa miguu yake kama tulivyotaka. Tuliifunga chini ya mashine kubwa. Kilichobaki kilikuwa kuunganisha waya, na Kalasinga akasema nichore kwa chaki mshale wa upande inaotakiwa kuzunguka. Bila kufikiri nilitazama juu. Shafti ya zamani bado ilikuwa pale, imetulia, na sote tulijua ilivyokuwa ikizunguka. Mafundi wote wakatazama juu pamoja nami, wakatikisa vichwa kukubali. Nikachora mshale.

Kalasinga akawasha. Mota ikanguruma vizuri, gia zikashika, na ngoma ya mkonge ikaanza kuzunguka taratibu, kwa utukufu, kinyumenyume. Tulikuwa tumesahau mkanda. Miaka yote ile mkanda wa mashine kubwa ulikuwa umepishanishwa katikati, umekunjwa kama nane, na mkanda wa namna hiyo hugeuza mwendo: shafti ikienda huku, mashine inakwenda kule. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka, kwa sababu hakuna aliyewahi kutazama chini. Kishikio kilichoshika ngoma kikaanza kujifungua kama skrubu, ngoma ikainama, na sote tukaruka nyuma. Kalasinga akazima.

Mmoja akacheka, na wote wakacheka, mimi pia. Kalasinga hakucheka. Alichuchumaa mbele ya kisanduku cha nyaya, akakifungua, akakitazama.

"Ni waya mbili tu, Bwana," nikasema. "Nibadilishe?"

"Wewe hapana jua," akasema.

"Najua, Bwana. Fundi wa Ruiru alinionyesha. Unachukua hii na hii—"

"Mimi nasema wewe hapana jua." Bado alikuwa amenipa mgongo. "Hii mambo hatari. Lazima mtu nakwenda Ruiru, naangalia mota ya kule nazunguka upande gani."

Hakuna aliyecheka. Hata msumeno, ambao tangu injini ipasuke ulikuwa unasukumwa kwa mkono, ulisimama. Sijui alijua kiasi gani, wala tangu lini. Alikuwa mzee aliyewahi kuacha nyumbani kwake ng'ambo ya bahari na mtoto wake mchanga ndani yake, hilo tulilisikia tu, yeye hakulisema. Aliinuka, akaandika karatasi juu ya ngoma yenyewe, akanipa.

"Kijiji nafunguliwa jana," akasema. "Saa kumi wewe hapa. Wewe nachelewa, mimi hapana jua wewe."

Nilichukua kofia. Nilikuwa sijafika kwenye lori niliposikia nyuma yangu mashine kubwa ikiwashwa, na kwa mlio wake nikajua inazunguka sawa.

Wanawake walikuwa wamerudi kwenye kahawa, wanaokota iliyoanguka. Mke wangu alikuwa mwisho wa mstari, amekonda, na mgongoni amefunga kitu kwa kanga. Aliniona. Aligeuka tu, akanipa mgongo, na kati ya mikunjo ya kanga nikaona kichwa, na sikio dogo limekunjika kwa kulaliwa. Nilinyoosha mkono juu ya mti wa kahawa, nikaligusa. Mkono wangu ulikuwa na mafuta ya mashine, likabaki doa.

"Nilikuwa barabarani siku ile," nikasema. "Nilisikia tatu."

"Ulisikia tatu?"

"Halafu filimbi."

Akanigeukia. Alikuwa analia na kucheka pamoja, akimtazama msimamizi kwa pembe ya jicho.

"Walipoingia ndani walimkuta mama amekaa kimya," akasema. "Wakamtukana, wakatoka. Akangoja mpaka nyayo zikaisha. Kisha akachukua mtungi wa maji, akaumwaga, akaingiza uso wake wote ndani, na zile mbili zilizobaki akazipigia humo."